Maswali ambayo mafundi wa viwandani Mtwara na Lindi huniuliza kuhusu kutafuta chanzo cha hitilafu

Nimefanya matengenezo kwenye viwanda vya kubangua korosho huku kusini kwa zaidi ya miaka 20, umeme na mitambo pamoja. Siku hizi napokea vijana wanaokuja fildi kutoka vyuo vya ufundi, na maswali yao hufanana mwaka hadi mwaka. Nimeyaweka hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu tukiwa karakana. Mifano mingi ni ya korosho kwa sababu ndiko niliko. Aliyeko kwenye saruji, kwenye mitambo ya gesi ya Madimba au Songo Songo, au kwenye mashine ya kusaga chumvi Lindi atajiona humuhumu, maana mota ni mota na beringi ni beringi.

Kutatua tatizo kuna tofauti gani na kutengeneza?

Kutengeneza ni kuirudisha mashine kazini. Kutatua ni kujua kwa nini ilitoka kazini na kuliondoa jambo hilo. Fundi anayejua la kwanza tu ataitwa kwenye mashine ileile kila wiki, na atasifiwa kwa kufika haraka. Hizo sifa zinadanganya. Kiwanda kinalipia beringi ileile mara nne kwa mwaka.

Mashine imesimama, akina mama 40 wamekaa hawana kazi, meneja yuko nyuma yangu. Naanzia wapi?

Anza kwa kumuuliza anayeitumia. Mama aliyekaa na mashine ya kukata miaka sita anaijua sauti yake kuliko wewe. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama, poleni na kazi," ndipo uulize: ilifanyaje kabla ya kusimama? Ilianza lini kuwa hivyo? Kuna kitu kilibadilishwa jana au leo asubuhi? Hilo swali la tatu limeniokolea saa nyingi sana. Mashine iliyofanya kazi vizuri mwezi mzima ikagoma leo, aghalabu kuna kitu kilichoguswa: mkanda mpya, magunia kutoka ghala jingine, mtu aliyesafisha kwa maji.

Kabla hujatia mkono ndani, zima swichi kuu, tia kufuli lako, ning'iniza kibao chenye jina lako, halafu jaribu kuwasha uhakikishe haiwaki kweli. Umeme siyo hatari pekee. Bomba la mvuke linaweza kubaki na presha boila ikiwa imeshazimwa. Silinda ya hewa inaweza kukubana mkono. Invata ya fezi tatu (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota inayotumia laini tatu za umeme) hubaki na volti zaidi ya 500 ndani kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, kisha pima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akuwekee mazingira salama, kwa hiyo meneja akikwambia "acha hayo makufuli, fanya haraka", mjibu kwa adabu kwamba itachukua dakika mbili. Mimi sijawahi kufukuzwa kazi kwa hilo.

Kisha angalia, nusa, gusa, kabla ya kufungua chochote. Waya ulioungua una harufu yake. Mnyororo uliolegea unaonekana. Vijana wengi wanakimbilia mita wakati bolti imedondoka sakafuni mbele yao.

Ukikosa kwa macho, kata njia katikati. Tuseme mkanda wa kusafirishia korosho hauendi. Njia yake ni hii: swichi kuu, fyuzi, kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), ovaloodi (kinga inayokata umeme mota ikivuta mkondo mkubwa), mota, giaboksi, mnyororo, rola. Usianze mwanzo ukaenda kimoja kimoja. Pima pale chini ya ovaloodi kontakta ikiwa imeshika. Ukipata volti 400 kati ya kila fezi mbili, jozi zote tatu, basi upande wa juu uko salama na tatizo liko kwenye waya wa mota au mbele zaidi. Kipimo kimoja kimekuondolea nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ikate tena. Kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo vaa glovu, tumia mita yenye nyaya nzima, na mwenzako awe karibu.

Kwa nini mota zinaungua sana msimu wa korosho unapoanza?

Hili naulizwa kila mwaka ifikapo Oktoba, na nalipenda kwa sababu jibu lake linahitaji kuijua Mtwara na Lindi zenyewe.

Kiwanda kikimaliza korosho ghafi, mashine hulala miezi kadhaa. Katika miezi hiyo mvua zinapita, unyevu wa bahari unapita, na upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya paneli. Mota inayofanya kazi hujikausha kwa joto lake yenyewe. Mota iliyolala inakunywa unyevu polepole, na varnishi ya koili inapoteza nguvu ya kuzuia umeme. Siku ya kwanza ya msimu mtu anabonyeza swichi ya kijani, umeme unapenya kutoka kwenye koili kwenda kwenye bodi ya chuma ya mota, na mota imekwenda. Watu husema imezeeka. Mota ile ingeishi miaka kumi tena.

Wiki mbili kabla ya msimu, pita na mega, yaani mita inayopima kama koili bado inazuia umeme usivuje, kwenye kila mota. Tenganisha nyaya zake kwanza, hasa kama kuna invata, kwa sababu mega itaiua invata. Kwa mota za volti 400 weka kipimo cha volti 500, pima kati ya koili na bodi. Ikisoma chini ya megaomu 1 usiiwashe kabisa. Mota nzuri iliyokauka husoma makumi mpaka mamia ya megaomu. Inayosoma kidogo ikaushe: fungua vifuniko, weka balbu kubwa ya nyuzi ndani au puliza hewa ya vuguvugu kwa siku moja au mbili, pima tena. Utaona namba inapanda saa hadi saa. Ni jambo la kufurahisha kuona mota iliyokuwa inapelekwa kusukwa upya inarudi kazini kwa balbu moja.

Wakati wa kulala pia kuna kazi. Zungusha shafti kwa mkono kila wiki mbili ili mipira ya beringi isikae sehemu moja na grisi isigande upande mmoja. Funika paneli na uzibe matundu ya nyaya. Kontakta zenye ukungu wa kijani zifungue uone. Nilipoanza kufanya haya, mwaka uliofuata hatukuunguza mota hata moja mwanzoni mwa msimu, wakati mwaka wa nyuma yake ziliungua tano.

Hii "kwa nini mara tano" ninayoisikia ni nini? Inafaa huku kwetu?

Ilianzia Japani kwenye viwanda vya Toyota. Taiichi Ohno ndiye aliyeifanya ijulikane. Unauliza "kwa nini" juu ya jibu ulilopata, mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kukirekebisha kisirudi. Tano siyo amri. Wakati mwingine ni tatu, wakati mwingine saba.

Nikueleze ilivyonifundisha. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi nikiwa kijana, mota ya mashine ya ndoo zinazopandisha korosho ghafi iliungua. Nikaweka mpya kwa saa tatu, nikapongezwa. Baada ya siku nne ikaungua ile mpya. Hapo ndipo niliposimama nikajiuliza.

Kwa nini iliungua? Ilivuta mkondo mkubwa. Kwa nini? Ilikuwa inazunguka kwa fezi mbili, na mota ya fezi tatu ikikosa moja, zile mbili zilizobaki hubeba karibu mara 1.7 ya mkondo wa kawaida. Kwa nini fezi moja ilikosekana? Mguso mmoja ndani ya kontakta ulikuwa umeungua. Kwa nini? Skrubu ya waya wake ilikuwa imelegea, ikapata moto. Kwa nini ililegea? Paneli ilifungwa kwenye nguzo ileile inayotikiswa na mashine, na hakuna aliyewahi kupangiwa kukaza skrubu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya nusu. Kulikuwa na mnyororo wa pili wa maswali: kwa nini ovaloodi haikukata? Mtu alikuwa ameipandisha. Mota ya ampea 8, ovaloodi ilikuwa imewekwa 14. Kwa nini aliipandisha? Kwa sababu ilikuwa inakata mara kwa mara na wasimamizi walikuwa wanalalamika. Yaani ile ovaloodi ilikuwa inatuambia kwa wiki kadhaa kwamba kuna fezi inasumbua, na sisi tukaifunga mdomo.

Tulihamisha paneli ukutani, tukabadilisha kontakta, tukarudisha ovaloodi kwenye 8, tukaweka siku ya kukaza skrubu mara moja kwa mwezi. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyokaribia bei ya mota.

Angalizo moja. Jibu la "kwa nini" likiwa ni jina la mtu, bado hujafika. "Kwa sababu Juma alisahau" haikupi cha kurekebisha. Uliza kwa nini ilikuwa rahisi kusahau.

Korosho zinavunjika sana. Uzalishaji wanalaumu mashine, sisi tunalaumu korosho. Nani yuko sahihi?

Acheni kubishana, hesabuni. Korosho nzima nyeupe ya daraja la W320, yaani punje 300 hadi 320 kwa ratili moja ya gramu 454, inauzwa kwa bei nzuri kuliko vipande. Kwa hiyo hili ni tatizo la pesa, na mabishano yake huwa makali.

Chukua karatasi, chora mistari: mashine ziko kushoto, saa ziko juu. Kila saa, kutoka kila mashine, okota punje 100 bila kuchagua, hesabu zilizovunjika, andika. Andika pia korosho zimetoka gunia la chama gani cha ushirika na zilipikwa saa ngapi. Fanya siku tatu, shifti zote. Kisha kaa uiangalie karatasi.

Mashine namba 3 ikiwa mbaya kwa kila shifti na kila shehena, angalia visu vyake na nafasi kati yake. Mashine zote zikiwa mbaya kwa shehena moja tu, rudi nyuma: korosho ni ndogo, zilivunwa mbichi, zilikaa na unyevu ghalani. Mashine zote zikiwa mbaya saa fulani tu, tazama upikaji. Korosho iliyotoka kwenye mvuke inatakiwa ipoe na ikauke ganda kabla ya kukatwa. Ikikatwa bado ina joto na unyevu, punje huwa laini na hung'ang'ania ganda. Ikipikwa kupita kiasi, punje hubadilika rangi. Na kuna chekecheo la saizi, ambalo watu hulisahau. Tundu likilika, korosho kubwa na ndogo zinachanganyika, na kisu kilichowekwa kwa ndogo kinaikata kubwa mpaka ndani. Mara mbili nimekuta kosa liko kwenye chekecheo wakati watu wamenoa visu wiki nzima.

Kama sababu ni nyingi kichwani na hujui pa kuanzia, chora mfupa wa samaki. Kaoru Ishikawa wa Japani ndiye aliyeuanzisha, ila sisi tuliokula changu na kolekole tunaujua mchoro wenyewe. Kichwa ni tatizo. Miiba mikubwa ni watu, mashine, malighafi, namna ya kufanya kazi, vipimo na mazingira. Kila mtu wa kikao ataje sababu, itundike kwenye mwiba wake. Waite na wabanguaji kwenye kikao hicho. Kikao cha mafundi peke yao kitajaza mwiba wa watu na malighafi, wa mashine utabaki mtupu.

Hitilafu inatokea na kupotea yenyewe. Nikifika, mashine inafanya kazi. Nifanyeje?

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na dawa yake ni daftari. Kila ikitokea, anayeendesha mashine aandike saa, kilichokuwa kinapita, hali ya hewa, na umeme kama ulikuwa umetoka kukatika na kurudi. Usimlaumu akiandika kifupi.

Tulikuwa na mashine ya kupakia yenye sensa ya mwanga inayohesabu maboksi. Ilikuwa inasimama mara mbili au tatu kwa siku, siku nyingine haisimami kabisa. Sensa ilibadilishwa mara mbili, kila moja ikiagizwa kutoka Dar es Salaam. Tukaanza daftari. Baada ya wiki mbili ikaonekana: inasimama kati ya saa 10:30 na 11:30 jioni, na siku za mawingu haisimami. Mlango wa pale unatazama magharibi. Jua likishuka lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye jicho la sensa. Tukakata kipande cha bati, tukakifunga kama kofia juu yake, ikaisha.

Spea iko Dar es Salaam na mashine inahitajika leo. Naweza kuunga kwa muda?

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 barabara ilipokatika maeneo ya Somanga kila mtu alijifunza kwamba spea ya kesho inaweza kuwa ya wiki ijayo. Kwa hiyo ndiyo, utaunga. Ila weka masharti matatu: uungaji usiguse kinga ya usalama, uandikwe kwenye mashine yenyewe kwa lebo yenye tarehe na jina lako, na uagize kitu halisi siku hiyohiyo. Lebo isipokuwepo, cha muda kinageuka cha kudumu, na atakayekuja baada yako ataona waya wa ajabu asijue umetoka wapi.

Jifunze pia kusoma namba, utaagiza sahihi mara ya kwanza. Beringi 6205: chukua tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa 5, unapata tundu la milimita 25. Kanuni hii inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Herufi 2RS ni sili za mpira pande zote, ZZ ni vifuniko vya chuma. Kwenye vumbi la maganda ya ndani ya korosho mimi huchukua 2RS. Nimeona watu wakiagiza "beringi ya mkanda" kwa simu, na basi likaleta isiyoingia.

Na kuikwepa swichi ya usalama kwa waya, kwa saa moja tu?

Hapana. Swichi ya mlango, kitufe cha dharura, valvu ya usalama ya boila, ovaloodi: hivyo haviungwi, havifungwi waya, havipandishwi. Meneja akisisitiza, aandike na kusaini. Sijaona aliyekubali kusaini.

Sijui Kiingereza vizuri na kitabu cha mashine chote ni Kiingereza, au Kichina. Nitaweza?

Utaweza. Mchoro wa umeme hauna lugha nyingi. Alama za kontakta, fyuzi na mota ni zilezile. Jedwali la namba za hitilafu, zile mashine inazoonyesha ikigoma, lina maneno machache yanayojirudia. Yaandike kwenye daftari na maana zake, maneno 50 yatakutosha mwaka wa kwanza. Picha ukipiga kwa simu, programu ya kutafsiri inasaidia, ila namba za volti, presha na joto ziangalie kwenye kitabu chenyewe. Na kama mashine haina kitabu kabisa, jambo la kawaida kwa mashine za zamani, fuata nyaya moja moja siku ya usafi na uchore mwenyewe. Mchoro wako mbaya wa penseli utakuwa ndio kitabu cha kiwanda.

PLC, kile kisanduku chenye programu kinachoiamuru mashine, inanitisha. Ikigoma nifanye nini bila kompyuta?

Angalia taa zake. Kila sensa ina taa yake upande wa kuingiza, kila kinachoamriwa kina taa upande wa kutoa. Weka chuma mbele ya sensa. Taa isipowaka, tatizo liko kwenye sensa, waya au umeme wake wa volti 24. Ikiwaka upande wa kutoa na valvu haifunguki, tatizo liko nje pia. Programu yenyewe huharibika mara chache mno. Mafuta ya maganda ya korosho yaliyoganda usoni mwa sensa, hayo nimeyakuta mara nyingi, na yafute ukiwa na glovu kwa sababu yanababua ngozi.

Fundi umeme anasema ni mitambo, fundi mitambo anasema ni umeme. Tunaamuaje?

Tenganisha mota na mzigo. Toa mkanda au mnyororo, washa mota peke yake, pima ampea za fezi zote tatu. Ikizunguka vizuri na ampea zikilingana, ni mitambo. Kazi ya dakika 15, na hakuna aliyeshindwa mbele za watu.

Mimi ndiye niliyesababisha hitilafu. Niseme?

Sema, na sema mapema, kabla mwenzako hajapoteza saa tatu akitafuta ulichokwisha kukijua. Niliwahi kuachia spana ndani ya giaboksi. Nilinyamaza nusu siku, na nusu siku hiyo fundi mkuu wangu alifungua vitu visivyohusika. Alipojua ni mimi hakugomba sana, alisema tu, "Mdogo wangu, ungeniambia asubuhi." Tangu siku hiyo naweka spana zangu kwenye ubao uliochorwa umbo la kila moja, nafasi tupu ikionekana, hatufungi kifuniko. Na wewe ukiwa mkuu siku moja, ukimfokea anayekuja kusema, wa pili hatakuja.

Kwenye usaili wananiuliza "taja tatizo ulilolitatua". Nijibu nini kama nimetoka chuo juzi?

Taja dogo la kweli. Jenereta ya mjomba, mashine ya kusaga ya mtaani, pampu ya kisima cha kijijini Newala. Eleza uliona nini, ulidhani nini kwanza, ulipima nini, kipimo kilikwambia nini, ulirekebisha nini. Kama ulichodhani kwanza kilikuwa kosa, usikifiche. Mimi nikiwa mezani upande wa pili, hapo ndipo ninaposikiliza, kwa sababu najua huyu anaweza kuacha wazo lake kipimo kikimkatalia.

Nitajuaje kwamba tatizo limeisha kweli na halijajificha?

Usifunge kazi mashine ikiwaka. Ifunge ikiwa imepita katika hali ileile iliyoiangusha: mzigo kamili, saa ileile, shifti ileile, shehena ileile. Ikiwezekana, rudisha kosa makusudi uone kama hitilafu inarudi. Ile sensa ya jua tulitoa kofia ya bati siku moja saa 11 jioni, mashine ikasimama, tukairudisha. Hapo tukaamini. Kisha andika namba, usiandike "iko sawa".

Ile mota ya ndoo nilirudi kuipima ampea kila Jumatatu kwa wiki sita: 7.1, 7.2, 7.1, fezi zote tatu. Niliandika kwa penseli ndani ya mlango wa paneli, na mara ya mwisho nilipopita pale namba zilikuwa bado zinasomeka, na chini yake kulikuwa na nyingine nyingi kwa mwandiko nisioujua.